Mwamba wa Wifi Yangu

Wifi yangu alipoteremshwa melini, aliyeadhibiwa ni mimi. Yeye alirudi nyumbani na sanduku lake la bati, akaliacha katikati ya sebule ili kila mwenye kidole cha mguu ajikwae, akanyoosha moja kwa moja hadi jikoni kwangu na kufunua sufuria. Akaonja. Akachota chumvi, akaongeza, akafunika. Mwenzangu, kama hujawahi kukaa nyumba moja na wifi, huwezi kujua chumvi ile iliniingiaje.

Ni dada mkubwa wa mume wangu. Aliwahi kuolewa, mume akamwambia achague kati yake na meli, na nasikia chai aliyokuwa anakunywa haikupata hata kupoa kabla hajajibu. Tangu hapo akawa na makao mawili: kibanda cha mashine kwenye meli ya kupimia bahari, na chumba cha nyuma nyumbani kwetu kila meli ilipotia nanga. Na tulikuwa ofisi moja pia, maana Mungu akitaka kukupa wifi hakupi nusu. Ofisi yetu ilitengeneza ramani za bahari. Yeye alikuwa msomaji wa kina, mimi mchoraji.

Nieleze kidogo, usije ukasema nimekuacha njiani. Meli inakwenda, na chini ya tumbo lake kuna chombo kinachopiga mlio kwenda chini. Mlio ukigonga sakafu ya bahari unarudi, na kadiri unavyochelewa kurudi ndivyo maji yalivyo marefu. Huko kibandani kuna karatasi inayojivuta polepole na sindano inayoichoma mstari mweusi. Mstari ukiwa juu ya karatasi, sakafu iko karibu. Ukiwa chini, iko mbali. Kibanda kizima kinanuka masizi. Kazi ya msomaji ni kukaa mbele ya karatasi hiyo na kuamua: huu mstari ni sakafu, huu mwingine ni uchafu wa sindano. Akishaamua, namba zinakuja mezani kwangu, nazitia wino, na manahodha nisiowajua wanaweka roho zao juu ya wino huo.

Wifi alikuwa hodari. Nalisema kwa kinywa changu mwenyewe, na wanaonijua wanajua sifa hainitoki hovyo. Wasomaji wengine walisoma mstari. Yeye aliutilia shaka, akaurudia, akasimamisha meli, akamkera kila mtu mpaka apate namba anayoweza kuilalia usingizi. Namba zake nilizichora bila kuuliza. Za wengine nilikuwa nauliza.

Sasa mwamba. Safari moja, kumepambazuka tu, meli ikipita mahali ambapo ramani zote za zamani zinasema maji ni marefu kupita kiasi, sindano yake ikaanza kuchora sakafu karibu. Si ule ukungu mwembamba tuliozoea kuuona kwenye karatasi, ambao dawa yake ilikuwa kuifuta sindano kwa kitambaa. Huu ulikuwa mstari mnene. Wifi alifuta sindano, mstari ukabaki. Akafuta tena. Akaenda kumgongea nahodha. Nahodha alitoka na bukta na kofia ya kazi, akaona karatasi, akaamuru meli igeuzwe. Walirudi na habari, nami nikachora pale mwamba: duara la nukta, na pembeni yake neno "hatari". Meli za mizigo zikaanza kupazunguka.

Baadaye wakatumwa kuupima vizuri. Wakafika mchana, jua la utosi, bahari shwari. Mwamba hakuna. Kulikuwa na mstari hafifu huko chini kabisa, basi. Wakapita kushoto, wakapita kulia. Hakuna. Nahodha, ambaye hakuwa amesahau kwamba mabaharia wote walimwona na bukta, akaipeleka hadithi hiyo kila bandari, na kabla wifi hajarudi nyumbani jina lilikuwa limemtangulia. Bi Mwamba. Hata muuza mboga wa mtaani kwetu alimwita hivyo, na sidhani alijua kwa nini.

Mkuu wa ofisi hakucheka. Yeye ni mtu wa kanuni; hata kikombe chake kilikuwa na mahali pake, na ole wako ukikisogeza. Kanuni ya ofisi ilisema msomaji aliyeona kisichokuwepo harudi kwenye mashine. Akamteremsha wifi melini mpaka kamati ikae. Ikithibitika mwamba upo, anarudi kwenye kibanda chake. Ikithibitika haupo, mwamba unafutwa kwenye ramani, naye anahamishiwa stoo ya karatasi mpaka astaafu. Stoo ile haina dirisha. Mtu aliyezoea kuona upeo wa bahari pande zote, umwingize mule kila asubuhi, ni bora umfunge kamba ya miguu kama kuku mgeni.

Basi akawa nyumbani. Akapanga upya vyombo vyangu. Akaniambia mapazia yamefifia. Akamwambia mume wangu, mbele yangu, kwamba amekonda. Huyo huyo mume wangu ambaye mkanda wake nimeutoboa tundu jipya kwa mkono wangu, na si upande wa kukondea. Nilianza kuomba mwamba ule uwepo kuliko hata yeye alivyoomba.

Ila jioni, watoto wakimaliza masomo, ilikuwa habari nyingine. Walimzunguka shangazi yao sebuleni naye akawasimulia bahari ilivyopimwa, nami jikoni nilikuwa napunguza moto ili sufuria zisinizibe masikio. Aliwaambia kuhusu bildi, ile risasi nzito iliyofungwa kamba. Pale ofisini tunayo moja ya kale, inazuia mlango usibamize. Chini yake ina kishimo, na watu wa zamani walikipaka mafuta ya mnyama ili mchanga wa chini ugande. Walipoivuta juu walinusa mchanga ule, wengine waliulamba, wakajua wako wapi. Kwenye maji marefu, alisema, waliteremsha kamba tangu asubuhi, wakala chakula cha mchana kamba bado inateremka, halafu wakaanza kuivuta kwa mikono mpaka jua likazama. Yote hayo kwa namba moja. Ramani nzima ya bahari kuu ilikuwa na namba chache, zimetawanyika kama vipele kwenye uso wa mtoto. Sauti yake ilibadilika akiwazungumzia watu wale. Alikuwa anawapenda kweli, na wote wamekufa zamani.

Aliwasimulia pia wasomi waliosema huko chini kwenye giza na baridi hakuna chochote kinachoweza kuishi. Walikuwa wamechota matope mengi, na kadiri walivyokwenda chini ndivyo viumbe vilivyopungua, wakapiga hesabu kwamba mbele zaidi vitakwisha. Halafu waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ukakatika. Ulipovutwa juu kutengenezwa wakaonekana wanyama wameung'ang'ania, tena wamekulia hapohapo. Watoto wakawacheka wasomi.

"Msiwacheke," shangazi yao akasema. "Walikosea vizuri. Walikosea wakiwa wameloa."

Binti yangu mdogo, ambaye mdomo wake ameurithi kwangu, akamuuliza kama na yeye amekosea vizuri. Wifi akajibu kwamba yeye hajakosea, mwamba upo, na kama kamati ina macho itauona. Akainuka akaja jikoni kuonja.

Ilipobaki wiki moja kamati ikae, akaniomba kitu. Wifi kuniomba mimi! Alitaka nimfungulie makabati ya karatasi za mashine, maana funguo nilikuwa nazo kama mkubwa wa wachoraji. Meli yetu imepita eneo lile mara nyingi, alisema, ikienda mahali pengine, na hakuna aliyewahi kuzitazama karatasi hizo kwa makini. Kama mwamba upo, lazima utakuwa umejichora kwenye baadhi yake. Nikakubali haraka kiasi kwamba alinitazama mara mbili. Nilikuwa nawaza sufuria zangu.

Tukaenda Jumamosi, ofisi tupu. Karatasi zetu zilikatwa vipande na kutiwa kwenye droo kwa mahali: kila mraba wa bahari na droo yake. Tukakuta rundo zito, la safari za miaka na miaka. Meza haikutosha, kwa hiyo nikafagia ukumbi wa ghorofani, ule mrefu unaoanzia kwenye ngazi mpaka mlango wa Mkuu, tukavua viatu tukaanza kuzitandaza. Tulizikandamiza kwa rula, chupa za wino, viatu vyetu wenyewe, na ile bildi ya mlangoni.

Wifi alikuwa anatupa tu, hii hapa, hii pale. Nikamwambia nyumbani kwangu unatia chumvi upendavyo, lakini hapa ni kazini kwangu na karatasi hazitandazwi kama nguo za kufua. Kwenye kona ya kila kipande kulikuwa na saa, imepigwa kwa muhuri wa mashine, safi inasomeka. Tarehe ziliandikwa kwa mkono, na mabaharia wengine huandika kama wanafukuzwa. Mimi hufuata kinachosomeka. Nikazipanga kwa saa, bila kujali ni za mwaka gani: alfajiri kwenye ngazi, mchana katikati, jioni mlangoni kwa Mkuu. Wifi akaguna lakini akatii. Nilifurahi sana kumwona ananipa karatasi moja moja kama mwanafunzi.

Tulipomaliza akachukua kiti, akakipanda ili aone zote kwa pamoja. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti nalainisha pembe zilizojikunja. Nikawa nazungumza, sikumbuki nini, nadhani habari za mapazia. Nikainua kichwa nikamwona amesimama juu ya kiti na mkono mdomoni.

Akaniambia nipande. Nikapanda, tumeshikana viuno tusianguke, watu wazima wawili bila viatu. Na nikaona. Kwenye ngazi, alfajiri, mstari mnene ulikuwa karibu na juu ya karatasi. Kipande cha pili chini kidogo. Cha tatu chini tena. Ukashuka hivyo ukumbi mzima mpaka katikati, mchana, ambako ulikuwa chini kabisa na hafifu, wa kuutafuta. Halafu ukaanza kupanda. Ukapanda kipande kwa kipande mpaka mlangoni kwa Mkuu, na pale jioni ulikuwa juu kama ulivyokuwa alfajiri. Karatasi za miaka tofauti, wasomaji tofauti, na mteremko mmoja usiokatika.

Mimi nikashangilia. Nikamwambia si huo mwamba wako, umo kila safari, kazi imekwisha, twende nyumbani.

"Wifi," akasema taratibu, "mwamba haushuki asubuhi ukapanda jioni."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa jambo lenyewe, na nikaelewa pia maana yake kwa stoo isiyo na dirisha. Sasa mimi si mtu wa kukaa kimya. Nikamwambia asiwe mjinga. Zichukue za alfajiri peke yake, nikasema, hizo hapo kwenye ngazi, ni nyingi na zote zina mwamba. Ipe kamati, rudi kwenye kibanda chako, na huu mteremko wako utauchunguza polepole ukiwa baharini. Wanakamati hawatapiga magoti kwenye ukumbi. Nani atajua? Nilisema yote hayo na sikuona haya, kwa sababu nilikuwa nampenda, na ndiyo mara ya kwanza nililijua hilo.

Wala hakunisikia. Alikuwa ameshuka kwenye kiti, amekaa chini katikati ya karatasi, anapitisha kidole juu ya mstari bila kuugusa.

"Kuna kitu kinaishi pale," akasema. "Ni kingi mpaka mlio unarudi. Kinapanda jua likizama, kinashuka likichomoza. Na ule ukungu, wifi. Ule ukungu wa kila mahali. Miaka yote tumekuwa tunafuta sindano."

Halafu akacheka. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga, amekaa sakafuni kama mtoto aliyemwagiwa njugu mapajani. Nimewahi kuona watu wakipata kazi na kufurahi. Mtu anayefurahi namna ile wakati kazi inamtoka mikononi, sijamwona mwingine.

Nyumbani alimweleza mdogo wake, yaani mume wangu, na mume wangu akashika kichwa. Alimbembeleza. Akamkumbusha umri wake, akamkumbusha kwamba meli nyingine haipo. Dada mtu akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akamwambia asiyekubali kushindwa si mshindani, akaomba apitishiwe maji. Usiku huo hakugusa chumvi. Nilikula kwa shida.

Siku ya kamati niliingia na ramani, kwa sababu ramani haiendi popote bila mchoraji wake. Walikuwepo Mkuu, nahodha na kofia yake, na wazee watatu wa ofisi ambao kazi yao ilikuwa kuitikia. Na sasa sikiliza mambo ya dunia. Mkuu akafungua kikao kwa kusema ametafakari. Yeye mwenyewe amepekua droo, amekuta karatasi ya safari nyingine, ya alfajiri, yenye mwamba mahali palepale. Wasomaji wawili hawawezi kuota ndoto moja. Nahodha akakohoa akakiri kwamba labda siku ile ya mchana walipita pembeni. Mkuu akasema basi, mwamba ubaki, na msomaji arudi melini safari ijayo. Akamgeukia wifi, akamuuliza kama ana la kuongeza, kwa sauti ya mtu anayefunga jalada.

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Nilimkanyaga kwa nguvu zangu zote. Alichotakiwa kusema ni asante, hata asante isiyo na moyo ndani yake ingetosha.

Akasimama.

"Mkuu, mwamba haupo. Niliona vibaya. Naomba ufutwe."

Akaeleza mteremko wote. Akaomba watoke ukumbini awatandazie. Mkuu akasema ukumbi si darasa, lakini nahodha alikuwa ameshainuka, na wazee wakamfuata kwa sababu walizoea kufuata. Tukatandaza. Wazee wakatazama wakaitikia. Nahodha akatembea kutoka kwenye ngazi mpaka mlangoni na kurudi, kisha akasimama kwenye karatasi za mchana na mikono kifuani, muda mrefu. Wifi akamwomba jambo moja: safari ijayo meli ibebe wavu wenye matundu madogo, uteremshwe pale. Nahodha akajibu kwamba yeye si mvuvi, akavaa kofia yake akateremka ngazi.

Mkuu alirudi mezani kwake, akakiweka kikombe mahali pake, akasema kanuni ni kanuni. Msomaji mwenyewe amekiri kwa kinywa chake kwamba aliona kisichokuwepo. Sikumchukia. Nilikuwa na mtu mwingine wa kumchukia siku hiyo, na alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu nikikwangua mwamba kwenye ramani kwa wembe. Kufuta wino ni kazi ya taratibu, ukikandamiza unatoboa.

"Kwangua vizuri, wifi," akaniambia. "Usiache hata nukta moja. Mtu atazunguka bure."

Nikamwambia anyamaze. Chozi likataka kudondokea bahari, nikalikinga kwa kiganja, maana ramani ni ramani.

Akaingia stoo. Kila asubuhi tulitoka nyumbani pamoja, mimi nikapanda ghorofani kwenye mwanga, yeye akashuka. Sikumsikia akilalamika hata siku moja. Ila jioni hadithi zilipungua, na watoto wakawa wanamwuliza habari za waya wa simu naye anawaambia kesho. Meli ikaondoka na msomaji mwingine, kijana mzuri, ambaye sindano yake ilikuwa safi siku zote. Siku ile meli ilipopiga honi wifi alikuwa anakosha vyombo vyangu, ambavyo nilikuwa nimeshavikosha.

Iliporudi, wa kwanza kubisha hodi kwetu alikuwa nahodha. Ilikuwa Jumapili, bado tuko mezani na chai. Alivaa sare ya kazi, amenyoa, amebeba kitu kimefungwa kwa taulo. Mume wangu akampa kiti, hakukaa. Akafungua taulo, akaweka kati ya vikombe mtungi wa kioo uliojaa spiriti. Ndani mlikuwa na samaki wadogo, wengine hawafiki urefu wa kidole, weusi wenye mng'ao wa fedha, macho makubwa kuliko haki yao, na ubavuni kila mmoja ana mistari ya vidoa vilivyopangwa kama vifungo vya shati. Kati yao kulikuwa na kamba wadogo wekundu, wembamba.

"Bi Mwamba," akasema, na kwa mara ya kwanza jina lile halikuwa na kicheko ndani yake, "nimekuletea mwamba wako."

Akasimulia akiwa amesimama. Mabaharia walimcheka, alisema, na walikuwa na haki, maana wavu aliushona mwenyewe kwa chandarua cha kitandani kwake na pete ya chuma. Mchana aliuteremsha ukatoka mtupu, kamba haikufika. Akakaribia kukata tamaa. Ndipo akakumbuka ukumbi, akasubiri mpaka alfajiri, saa ileile aliyogongewa mlango siku ile, akauteremsha tena. Ulipopanda ulikuwa mzito. Wakaumwaga kwenye ndoo, na kwa kuwa kulikuwa bado na kiza, wakaona.

Wifi alikuwa ameushika mtungi kwa mikono miwili. Amesoma mstari ule miaka yake yote, na hakuwahi kuona hata mmoja wa walioufanya.

"Waling'aa?" akauliza.

"Waling'aa," nahodha akasema. "Vile vidoa vyote. Ndoo nzima. Mabaharia wangu wale waongo, hakuna aliyepata neno."

Akaupeleka mtungi dirishani, akauinua kwenye mwanga, na akalia waziwazi mbele ya mgeni na watoto, bila kujificha uso. Binti yangu akaenda akamshika sketi. Nami nililia, sioni sababu ya kuficha. Hata mume wangu alikwenda kutafuta kitu chumbani ambacho hakikuwepo. Baadaye tulikuja kusikia kwamba na wenzetu wa bahari nyingine walichezewa mchezo huohuo, wakachora miamba iliyohama, wakaja wakaifuta. Lakini asubuhi ile mezani kwetu hakuna aliyejua. Tulikuwa na mtungi tu.

Nahodha hakuwa amemaliza. Alikwisha pita kwa Mkuu nyumbani kwake, kabla hata ya kuja kwetu. Mkuu akashikilia kanuni: kwenye mashine hatarudi. Nahodha akamwuliza kama kuna kanuni inayohusu wavu. Mkuu akafikiri, na kwa kuwa ni mtu mkweli, akakubali kwamba ya wavu hakuna. Basi wavu unahitaji mtu, nahodha akasema, mtu anayejua ni saa ngapi na kina gani, na yeye hatatoa tena chandarua chake; mbu wamemla.

Wifi aliondoka na sanduku lake la bati wiki hiyohiyo. Watoto walimsindikiza mpaka bandarini, nami nikabaki nyumbani kwa makusudi kabisa kufurahia jiko langu. Nikarudisha vyombo mahali pake. Nikapika, nikafunua sufuria, nikaonja mchuzi taratibu, hakuna wa kunisimamia.

Nikaonja tena. Chumvi ilikuwa haitoshi kweli.